Mgonjwa wa Kila Mwezi Asiyepimwa: Kisa cha Sukari, Presha na Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, maafisa wa kliniki na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaowahudumia watu wenye maradhi ya kudumu katika Kaunti ya Mombasa. Mhusika ametoa idhini na amesomewa maandishi haya kabla ya kutolewa. Jina lake, mtaa wake, vituo alivyohudumiwa na baadhi ya tarehe vimeondolewa au kubadilishwa, lakini mpangilio wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki kama vilivyokuwa. Tutamwita Bi. Z.

Nimekichagua kwa sababu hakimhusu mwanamke aliyeikimbia hospitali. Tumezoea kuwazungumzia wanawake wasiopimwa saratani kana kwamba wote wako mbali na huduma, kwamba hawana habari, au wanaogopa, au wanakwenda kwa mganga kwanza. Bi. Z. alikuwa kituoni kila mwezi kwa miaka tisa. Alikunywa dawa zake, alitunza kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki isilowe, na hakukosa tarehe ila alipofiwa. Hata hivyo mlango wake wa kizazi haukuwahi kutazamwa na mtu yeyote, na ulikuwa tayari na mabadiliko ya hatua ya mwisho kabla ya saratani.

Usuli

Kisa kilipoanza, Bi. Z. alikuwa na umri wa miaka 46, ameolewa, ana watoto watano, na anaishi ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Riziki yake ni mahamri na mbaazi anayouza asubuhi nje ya nyumba yake. Aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari aina ya pili miaka tisa kabla, na presha ikafuata. Alikuwa akitumia metfomini na glibenklamaidi kwa sukari, pamoja na dawa mbili za presha.

Inafaa kuieleza siku ya kliniki kwa undani, maana ndiyo kiini cha kisa chote. Mgonjwa huambiwa afike mapema bila kula. Anaweka kadi kwenye foleni, anapimwa uzito na presha, anadungwa kidole kupimwa sukari, kisha anasubiri kumwona afisa wa kliniki, ambaye ana kadi nyingine nyingi mezani na anaweza kumpa kila mmoja dakika chache tu. Dakika hizo huenda kwenye sukari ya asubuhi ile, kuongeza au kupunguza dawa, na kuuliza habari za miguu na macho. Baada ya hapo ni foleni ya dawa. Bi. Z. alikuwa akirudi nyumbani adhuhuri imeshaingia, wateja wa chai ya asubuhi wameshatawanyika, na unga aliokanda usiku umeharibika au ameukabidhi kwa binti yake. Kwake, kila siku ya kliniki ilikuwa siku isiyo na mauzo.

Kadi yake ilikuwa na safu ya uzito, ya presha, ya sukari, ya miguu, ya macho na ya dawa. Haikuwa na safu ya uchunguzi wa saratani. Chumba cha uchunguzi huo kilikuwamo katika ua ule ule, upande wa pili, karibu na kliniki ya akina mama na watoto, na huduma ilikuwa ya bure. Lakini kitinda mimba wake alikuwa na miaka 15, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukanyaga upande ule, na hakuna aliyempa sababu.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote, ingawa saratani ya matiti hugunduliwa mara nyingi zaidi. Karibu visa vyake vyote vinatokana na virusi vya HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban asilimia 70. Chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019. Wanawake wa rika la Bi. Z. walikuwa wamepitwa na chanjo hiyo. Kinga pekee iliyobaki kwao ni kupimwa mapema. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS, unaoangalia vihatarishi vya maradhi ya kudumu, wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ni takriban asilimia 16 tu ya wanawake wa miaka 30 hadi 49 waliokuwa wamewahi kupimwa, ilhali lengo la Shirika la Afya Duniani ni kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha kuaminika wakifika miaka 35, na tena wakifika 45.

Matukio yalivyofuatana

*Miaka miwili ya kuwashwa.* Yapata miaka miwili kabla ya kugunduliwa, Bi. Z. alianza kutokwa na uchafu ukeni na kuwashwa. Kwa mwanamke ambaye sukari yake haijashuka vizuri, maambukizi ya fangasi ni jambo la kawaida, kwa sababu sukari ikizidi mwilini huwapa fangasi mazingira mazuri ya kuzaana. Kadi yake inaonyesha kwamba alipewa vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni mara tatu katika kipindi hicho. Kila mara kuwashwa kulipungua, kisha kukarudi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alichunguzwa kwa spekulamu, chombo cha kuufungua uke ili mlango wa kizazi uonekane.

Baadaye akaanza kuona matone ya damu baada ya tendo la ndoa. Jambo hilo hakulisema kwa muda mrefu. Siku moja alimgusia mhudumu kwa lugha ya mafumbo, akasema kwamba siku hizi damu yake "inakuja ovyo". Akajibiwa kwamba umri wa kukoma hedhi umekaribia. Hilo halikuandikwa kwenye kadi, na yeye hakulirudia.

*Swali la mhamasishaji.* Aliyefungua njia ni mhamasishaji wa afya ya jamii, jirani yake, ambaye alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na mashine ya presha. Baada ya kumpima akamuuliza:

"Mama, na saratani ya kizazi ushapimwa?"

"Mwanangu, mimi kila mwezi natolewa damu. Ningekuwa nayo si wangeshaiona?"

Mhamasishaji hakucheka wala hakumkatiza. Alimweleza kwamba tone la kidole linasoma sukari tu, na kwamba saratani ile hutafutwa mahali pake, si kwenye damu. Kisha akauliza swali la pili, kama kuna damu yoyote inayotoka nje ya siku zake au baada ya kukutana na mumewe. Bi. Z. aliinamisha macho, akasema ipo.

Swali hili la pili ndilo lililobadilisha uzito wa jambo. Mwanamke asiye na dalili hupimwa kama wenzake wote, kwa utaratibu wa kawaida. Mwanamke anayetokwa na damu ya namna ile anahitaji kutazamwa na mtaalamu bila kuchelewa, hata kipimo cha HPV kikisema nini. Mhamasishaji alimshauri aende kituoni wiki ile ile. Bi. Z. akakataa. Ramadhani ilikuwa imebakisha siku chache, alikuwa akiona haya kuvuliwa nguo mbele ya mtu asiyemjua, na alikuwa amesikia kwamba chumba kile wakati mwingine huwa na mhudumu wa kiume. Alisema atakwenda baada ya Idi.

*Sampuli ya baada ya futari.* Walikubaliana jambo la kati. Kituo kilikuwa na vijiti vya kuchukulia sampuli ya HPV ambavyo mwanamke hujitumia mwenyewe. Mhamasishaji alimletea, akamwonyesha namna ya kukiingiza, kukizungusha na kukirudisha ndani ya kichupa. Bi. Z. alijichukulia sampuli usiku baada ya kufuturu, chumbani kwake, mlango umefungwa, na asubuhi ikapelekwa. Aliahidi pia kwamba sampuli ikionyesha lolote, hataisubiri Idi.

*Ujumbe uliopotea.* Sampuli ilionyesha HPV aina ya 16. Ujumbe wa simu ulitumwa kwa Kiingereza, ukimtaka mhusika afike kituoni. Namba iliyokuwa kwenye rekodi ilikuwa ya mwanawe wa kiume, kwa sababu siku alipoandikishwa kliniki miaka tisa nyuma kijana huyo ndiye pekee nyumbani aliyekuwa na simu. Kijana alidhani ni habari za sukari, akamwambia mama yake "wanakukumbusha kliniki". Zikapita wiki tatu. Jambo hilo liligunduliwa na mhamasishaji alipokwenda kituoni kufuatilia orodha yake ya sampuli na kuona jina la Bi. Z. halijawekewa alama ya kuhudhuria.

*Kipimo cha siki.* Muuguzi wa kike alimpokea siku hiyo hiyo aliyoletwa. Kipimo hiki hufanywa kwa kuupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki, iliyo sawa na siki iliyozimuliwa, na kuusubiri kwa takriban dakika moja. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Kwa Bi. Z. weupe ulikuwa mzito na ukaingia ndani ya mfereji wa kizazi, mwisho wake hauonekani. Kama ungeonekana wote, muuguzi angeweza kumtibu pale pale kwa kuchoma kwa joto. Kwa kuwa haukuonekana, alimpa rufaa ya kwenda hospitali kubwa kisiwani Mombasa, ng'ambo ya pili ya kivuko, ili akatwe sehemu hiyo kwa kitanzi cha waya chenye umeme, utaratibu unaoitwa LEEP, na kipande kipelekwe maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya mwili.

*Asubuhi ya kivuko.* Karatasi ya miadi ilisema aje saa moja asubuhi bila kula. Kliniki ya sukari, kwa miaka tisa, ilikuwa imemwambia asiache dawa hata siku moja. Bi. Z. alizitii amri zote mbili. Aliamka alfajiri, akameza vidonge vyake vyote, glibenklamaidi ikiwemo, hakula kitu, akaondoka na binti yake. Feri ilichelewa na watu walijaa kwenye eneo la kusubiri. Akaanza kutokwa na jasho jembamba, mikono ikatetemeka, na maneno yakawa hayashikani. Binti yake, ambaye amekua akimwona mama yake na maradhi haya, aliitambua hali hiyo. Alinunua soda na kashata kwa mchuuzi aliyekuwa karibu, akamlazimisha kunywa na kula. Walipofika hospitali sukari ilisomeka 3.4, chini ya kawaida, na hiyo ni baada ya soda. Presha nayo ilikuwa juu. Utaratibu ukaahirishwa kwa wiki mbili.

*Kukamilika.* Mara ya pili muuguzi wa rufaa alimpigia simu siku moja kabla, kwa namba mpya ya binti yake, akamwambia ale chai na mkate kama kawaida kwa sababu kazi ile hufanywa kwa ganzi ya mahali pamoja na haihitaji mtu kushinda na njaa. Alivuka feri akiwa amekula. LEEP ilifanyika bila tatizo na akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mhamasishaji: kukubali sampuli ya kujichukulia kwa mwanamke mwenye dalili. Kitaalamu hilo si jambo la kwanza la kumpa mtu kama huyo, kwa sababu jibu zuri lingeweza kumtuliza na kumfanya aache kuchunguzwa. Mhamasishaji alilijua hilo, na alimwambia wazi kwamba hata jibu likiwa zuri bado lazima atazamwe. Alichopima ni hatari mbili: kumpa kipimo kisichotosha, au kumwacha bila chochote mpaka baada ya Idi na pengine daima. Naona alipima sawasawa, ila uamuzi huu haufai kugeuzwa kuwa desturi.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilikuwa asilimia 10.4, juu sana. Daktari mmoja alipendekeza LEEP isubiri hadi sukari ishuke, kwa kuwa sukari ya juu huchelewesha kupona kwa jeraha na kuongeza hatari ya maambukizi. Daktari wa magonjwa ya wanawake alikuwa na maoni tofauti. Alikubali kwamba mabadiliko haya kwa kawaida huchukua miaka mingi kuwa saratani, lakini hakuna aliyejua Bi. Z. alikuwa nayo tangu lini, na damu aliyokuwa akiona ilitia wasiwasi kwamba huenda saratani yenyewe imeshaanza. Tunajua mwendo wa mabadiliko ya hatua hii yakiachwa kutokana na wanawake wa New Zealand ambao hospitali moja iliwafuatilia bila kuwatibu ipasavyo, tendo lililokuja kulaaniwa: takriban theluthi moja yao walipata saratani ndani ya miaka 30. Kushusha HbA1c kutoka 10 hadi 7 kunaweza kuchukua miezi mingi, na kwa wengine hakufikiwi kabisa. Aliamua kuendelea, akampa kliniki ya sukari wiki mbili zilizopatikana kwa ahirisho lile kurekebisha dozi, na akapanga Bi. Z. aonwe tena mapema kuliko kawaida kuangalia kidonda.

Daktari huyo huyo aliagiza pia picha ya ultrasaundi ya kizazi. Sababu yake inafaa kukumbukwa na kila anayehudumia wagonjwa wa sukari. Ugonjwa wa sukari aina ya pili unahusishwa na kuongezeka kwa hatari ya saratani kadhaa, zikiwemo za ini, kongosho, utumbo mpana, matiti na ukuta wa ndani wa kizazi. Mwanamke mwenye sukari anayetokwa na damu isiyo ya kawaida hachunguzwi mlango wa kizazi peke yake. Ukuta wake ulionekana salama.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa Bi. Z. mwenyewe: amwambie mumewe nini. Muuguzi alimweleza faraghani kwamba watu wengi waliowahi kukutana kimwili hupata HPV wakati fulani wa maisha yao, kwamba virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na kwamba kuvikuta leo si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote. Hakulazimishwa kumleta mumewe. Alimleta kwa hiari yake, na muuguzi akarudia maelezo yale yale mbele yao wote wawili. Mzee aliuliza maswali mawili tu: kama yeye naye anahitaji dawa, na kama mkewe atapona. Akaambiwa kwamba virusi vyenyewe havina dawa, kinachotibiwa ni mabadiliko yanayoletwa navyo, na kwamba matumaini ya kupona ni makubwa.

Matokeo

Patholojia ilionyesha mabadiliko ya daraja la tatu, CIN3, yaliyoondolewa yote hadi kingo, bila dalili ya saratani kupenya. Kidonda kilipata maambukizi madogo katika wiki ya pili, yakatibiwa kwa antibayotiki, na kikapona kabisa. Hela za patholojia zilichangwa na ndugu, kwani wakati huo bima ya afya ya taifa ilikuwa bado ni NHIF, kabla ya SHA kuchukua nafasi yake Oktoba 2024, na kadi ya Bi. Z. ilikuwa imelala kwa kukosa michango. Miezi 12 baadaye kipimo cha HPV hakikuonyesha virusi. HbA1c ilikuwa imeshuka hadi 8.6. Kuwashwa hakujarudi.

Uchambuzi

Katika kikao cha kujadili kisa hiki ilitolewa hoja kwamba tatizo lilikuwa uelewa mdogo wa mgonjwa, na ushahidi uliotajwa ni jibu lake kwamba kama angekuwa na saratani damu ingeonyesha. Sikubaliani na hoja hiyo. Jibu lile lilikuwa hitimisho la busara kutokana na yale aliyotendewa. Mtu aliyedungwa kila mwezi kwa miaka tisa, akaambiwa mara "uko sawa", mara "umepanda", ana haki ya kuamini kwamba anaangaliwa mwili mzima. Kituo ndicho kilichomjengea imani hiyo kwa kutomwambia kamwe mipaka ya vipimo vyake. Kumlaumu kwa kutojua ni kumdai alipie deni la watu wengine.

Hali hii si ya Mombasa peke yake. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2005 uliwakuta wanawake wenye sukari wakipigwa picha ya matiti kwa kiwango cha chini kuliko wasio na sukari, ingawa waliwaona madaktari mara nyingi zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ugonjwa wa kudumu hula muda wote wa miadi. Ukitazama kliniki zetu unaona jambo hilo kwa macho: sukari ya asubuhi ile ni namba iliyo mezani na inadai jibu sasa, ilhali saratani ambayo haijajitokeza haina namba na haidai kitu. Afisa mwenye dakika chache atashughulikia kinachopiga kelele. Mimi siioni kama ni uzembe wake. Mpango wa kazi ndio uliomwachia akumbuke peke yake jambo ambalo lingepaswa kukumbushwa na karatasi.

Linganisha na kliniki za wanaoishi na VVU. Huko uchunguzi wa mlango wa kizazi umeingizwa ndani ya huduma yenyewe, kwa sababu inafahamika kwamba mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari kubwa zaidi, takriban mara sita, ya kupata saratani hii. Mwanamke wa kliniki ya sukari hana hatari ya kiasi hicho, lakini anahudhuria vile vile, ana kadi vile vile, na anaketi kwenye benchi saa nyingi bila kufanyiwa chochote. Saa zile za benchi zilitosha kabisa kuvuka ua na kurudi kabla jina lake halijaitwa.

Kilichofeli kwa uzito mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni zile dozi tatu za klotrimazoli. Kila moja peke yake ilikuwa na mantiki: sukari iko juu, mgonjwa anawashwa, kwa hiyo ni fangasi. Huenda mara zote tatu fangasi walikuwepo kweli. Lakini ugonjwa unaojulikana ulitumika kueleza kila dalili mpya, na maelezo hayo yakafunga mlango wa kutazama. Dalili inayorudi mara ya pili baada ya tiba inahitaji spekulamu, na hilo halihitaji mashine wala bajeti, linahitaji chumba chenye pazia, taa na mhudumu aliye tayari kuacha kuandika dawa ile ile. "Damu inakuja ovyo" nayo ni sentensi ambayo mwanamke wa Pwani huisema kwa taabu. Akiitoa mara moja ikajibiwa kwa kukoma hedhi, hatairudia, na kadi isiyoandikwa neno hilo haimkumbushi mhudumu anayefuata.

Tukio la kivuko lingeweza kumuua. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala, na kwa hiyo kuimeza kisha kukaa na njaa ni hatari inayofahamika. Vituo viwili vilimpa amri mbili, kila moja sahihi katika ofisi yake, na hakuna aliyeziweka pamoja. Tena amri ya kutokula haikuhitajika kwa kazi ile, ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi moja inayotumiwa kwa upasuaji wa kila aina. Kwa mgonjwa wa sukari anayepewa rufaa ya uchunguzi wowote wa saratani, maswali mawili yanapaswa kujibiwa kwa maandishi kabla hajatoka mlangoni: ale au asile, na dawa ipi aimeze asubuhi hiyo. Wanawake wangapi huacha kurudi baada ya asubuhi kama ile, wakaandikwa kwenye rejista kwamba "hawakuhudhuria"? Bi. Z. alisema wazi kwamba kama si simu ya muuguzi asingevuka tena.

Kilichofaa kinaanza na mhamasishaji, na si kwa sababu ya upole wake tu. Aliuliza kuhusu damu kwa maneno yaliyonyooka baada ya kuuliza kuhusu kupimwa, na hivyo akamtenganisha mwenye dalili na asiye nazo, jambo ambalo vikao vingi vya uhamasishaji havilifanyi. Aliuheshimu mwezi mtukufu na haya ya mama yule bila kuviacha viwe sababu ya kuahirisha. Zaidi ya yote, alikuwa na orodha yake mwenyewe na aliifuatilia. Ile namba ya simu ya kijana ingeweza kulifuta jibu la HPV aina ya 16 moja kwa moja, na hakuna mashine ambayo ingegundua. Hapa pia liko suala la siri: jibu la ugonjwa unaoambukizwa kwa kukutana kimwili lilikwenda kwa mtoto wa kiume wa mgonjwa, na kilichomstahi mama yule ni kwamba ujumbe ulikuwa mfupi na wa Kiingereza. Namba ya simu inapaswa kuulizwa upya siku ya kuchukua sampuli, pamoja na swali la nani huipokea.

Kijiti cha kujichukulia sampuli kimethibitisha thamani yake, hasa kwa wanawake wa umri huu wanaoona haya ya spekulamu. Faida nyingine ni kwamba hakimtegemei mtu kuona. Kadiri mwanamke anavyokaribia na kupita ukomo wa hedhi, sehemu inayopaswa kutazamwa hujivuta ndani ya mfereji, na kipimo cha siki kinapungua uwezo. Wagonjwa wengi wa sukari na presha wako katika umri huo. Kwao kipimo cha HPV ndicho kinachofaa kutangulia.

Yaliyobadilishwa na yaliyobaki

Kituo cha kwanza kimeanza kugonga muhuri kwenye kadi za sukari na presha za wanawake, wenye nafasi ya tarehe ya mwisho ya kupimwa HPV na jibu lake, na mgonjwa asiye na tarehe hupelekwa upande wa pili wa ua akiwa bado kwenye foleni, kadi yake ikishikiliwa nafasi. Karatasi ya rufaa imeongezwa mstari wa chakula na mstari wa dawa, ambao muuguzi huujaza kwa mkono.

Muhuri huo unataja saratani moja tu. Bi. Z. bado hajachunguzwa matiti, ingawa yuko katika umri na hali inayomweka juu kwenye orodha, na utumbo mpana haujatajwa na mtu yeyote katika kadi yake ya zamani wala mpya. Dada yake mkubwa, ambaye naye ana sukari na huhudhuria kliniki nyingine upande wa Kisauni, alimuuliza mhudumu wa huko kuhusu kipimo cha HPV akaambiwa arudi siku ya kliniki ya akina mama. Siku hiyo inaangukia siku yake ya kuchukua dawa za presha katika kituo kingine, na hadi kisa hiki kinaandikwa hajapimwa.